Mteja akisema "shokapu imekufa", usimtumie shokapu kwanza

Leo naongea hasa na nyie mnaouza spea za magari kwa simu. Hata kama unauza feni au vitenge kaa usome, maana kosa nililofanya mimi unaweza kulifanya na wewe kesho asubuhi.

Ilikuwa hivi. Mteja wa Geita, ana IST, alinitumia meseji WhatsApp saa mbili usiku: "Dogo, shokapu za mbele zimekufa, gari inagonga sana, nitumie pea kesho." Mi nilikuwa na pea moja mpya dukani imekaa miezi mitatu haijapata mtu. Unafikiri nilimuuliza kitu? Nikamtajia laki mbili na ishirini, akalipa yote. Asubuhi mzigo ukapanda hiace ya Sengerema ukaunganishwe na basi. Nikashinda siku nzima nimechangamka.

Siku ya tatu simu ikaita. "Umeniuzia feki. Fundi kafunga na gari inagonga vilevile. Nirudishie hela yangu."

Hela yake sikuwa nayo, nilishaituma Dar kuagiza mzigo mwingine. Na shokapu ikishafungwa ikapita barabarani huwezi tena kuiuza kama mpya. Nikambembeleza anipe fundi wake niongee naye. Nikamwomba fundi afungue zile linki mbili za stabilaiza, azitoe kabisa, halafu aendeshe gari polepole kwenye mashimo ya hapo gereji. Akaendesha. Kimya. Gari haigongi tena.

Kumbe ugonjwa ulikuwa linki. Pea ya linki mimi nauza elfu arobaini. Shokapu zake za zamani zilikuwa nzima na fundi alikuwa bado nazo pale chini. Nilimtumia linki bure na nauli nikalipa mimi. Lakini kabla hatujafika huko alikuwa ameshaandika kwenye grupu la madereva kwamba dogo wa Kamanga ni tapeli. Alikuja kufuta baadaye, sawa, ila watu walishasoma.

Kwa upande wangu jambo hili sio dogo. Duka langu lipo Kamanga, upande wa Sengerema, juu kidogo ya kivuko. Zamani nilikuwa naishi kwa magari yanayoshuka kwenye feri. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, magari mengi ya Geita na Bukoba yakahamia kule, hayana haja ya kusubiri kivuko. Sasa hivi wateja wangu wengi ni watu nisiowaona, wenye gari nisizoziona. Jina langu kwenye simu zao ndio duka. Kwa hiyo nilikaa chini nikajifunza, kwa mafundi na kwa kuharibu, na hiki ndicho nilichokipata.

Jua kwanza unauza nini

Watu wanasema "shokapu" wakimaanisha kila kitu kilichopo nyuma ya tairi. Wewe muuzaji huruhusiwi kuongea hivyo.

Kwenye gari ndogo nyingi za Toyota tunazouzia, yani IST, Vitz, Passo, Premio, Probox, shokapu ya mbele imevaa springi. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu haibebi gari, na wateja wengi hawalijui hili. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Ndani kuna mafuta, kuna pistoni yenye vitundu vidogo, mafuta yanapita kwa shida kwenye vile vitundu na ule mtikisiko unageuka joto. Shokapu ikifa gari hailali chini. Inaruka. Mteja akikuambia "gari imelala upande mmoja, nitumie shokapu", ujue hapo tatizo liko kwenye springi: imechoka au imekatika, na mara nyingi inakatika mzunguko wa chini kabisa, pale inapokaa kwenye sahani yake, mahali tope linapojaa. Usipochuchumaa na tochi huwezi kuona.

Juu ya shokapu, pale inaposhikana na bodi ukifungua boneti, kuna mauntini. Ni chuma kimeshikwa na raba, na chini yake kuna beringi. Ile beringi ipo kwa sababu shokapu ya mbele inazunguka pamoja na tairi ukikata kona. Shokapu ya nyuma haizunguki, kwa hiyo haina haja ya beringi. Kwenye IST za kawaida nyuma springi imekaa peke yake na shokapu peke yake, ndiyo maana kubadilisha za nyuma ni kazi rahisi na fundi asikutoze sawa na za mbele.

Kwenye ile rodi inayong'aa kuna raba ya kugotea, inazuia chuma kisigonge chuma gari ikizama sana, na kuna koti la raba la kuzuia vumbi. Hivi viwili ni bei ndogo na ndivyo watu wanaviruka. Koti likichanika mchanga unakaa kwenye rodi, rodi inapanda na kushuka na ule mchanga, sili inakatika, mafuta yanatoka. Shokapu ya laki inauliwa na raba ya elfu chache.

Halafu pembeni kuna linki, kijifimbo chenye vichwa viwili vya kuzunguka kinachounganisha stabilaiza na shokapu. Chini kuna wishiboni, ule mkono wa chuma wenye bushi zake za raba na boljointi. Hivyo vyote vikichoka vinagonga, na mteja ataviita shokapu.

Huu muundo wa shokapu kuwa ndani ya springi na kushika tairi moja kwa moja ni wa mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, aliubuni miaka ya 1940. Ford wakautumia kwenye gari zao za Uingereza, Consul na Zephyr, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ulienea dunia nzima kwa sababu una vyuma vichache na unachukua nafasi ndogo, kwa hiyo unafaa gari ndogo ya bei nafuu. Sisi tunaouza spea tunakula kwa jasho la huyo mzee.

Feri ilinifundisha kusikiliza

Gari ikishuka kwenye feri inapita kwenye kile chuma cha mlango mdogomdogo, tairi moja inatangulia, nyingine inafuata. Mwendo wa mguu. Hapo injini haina kelele na upepo hamna, unasikia kila kitu. Nimekaa pale dukani miaka minne, nimesikia magari mpaka naweza kuotea kabla dereva hajapaki.

Mlio mkavu wa haraka, ko-ko-ko, kwenye mashimo madogo na mwendo mdogo, hasa tairi moja ikipanda na nyingine ikiwa chini: anza na linki. Ndio mlio wa yule mteja wa Geita. Linki ndiyo inayochoka mara nyingi kwenye barabara zetu za kokoto na ndiyo bei rahisi, kwa hiyo siku zote mi naanzia hapo kabla sijamgusa mtu kwenye laki mbili.

Mlio mzito, dung, mara moja ukifunga breki na mara moja ukiondoa gari: hapo fikiria bushi za wishiboni. Mkono unasogea mbele na nyuma kwa sababu raba imeachana na chuma.

Ukikata stelingi gari ikiwa imesimama ukasikia springi inaruka, kama mtu kapiga waya wa gitaa mnene, na ukiweka mkono juu ya springi unahisi inajikusanya halafu inaachia ghafla, hiyo ni beringi ya mauntini imekwama. Mauntini ambayo raba imechoka inagonga pia, dereva anaisikia karibu na miguu yake kama vile kuna mtu anagonga kutoka kwenye boneti.

Ta-ta-ta-ta gari ikiwa inatembea na umekata kona mpaka mwisho: hiyo sio habari ya shokapu kabisa, ni sivijointi. Usiuze shokapu hapo. Nimeona mtu akiuza.

Na shokapu yenyewe ikifa? Hapa ndipo watu wanapokosea. Shokapu iliyokufa mara nyingi haigongi, inaruka. Ukipita tuta gari inaendelea kupanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi ya mchana. Ukifunga breki pua inazama sana. Ukiwa kwenye mwendo barabara ikiwa na mabonde madogo unaona stelingi inakuwa nyepesi, gari inaelea. Na tairi linaliwa kwa mabaka: pitisha kiganja juu ya tairi utahisi bonde, mlima, bonde, mlima. Hilo ni tairi lililokuwa linaruka badala ya kukanyaga lami. Na hapa sio suala la starehe tena, tairi lililo hewani halifungi breki. Kwa hiyo mteja mwenye dalili hizi usimwambie "vumilia mpaka mwisho wa mwezi" eti kwa sababu unamwonea huruma.

Mpime kwa simu

Sasa gari iko Kahama, wewe uko Kamanga. Unafanyaje? Mi namuomba vitu vinne, na asiyetaka kuvifanya nampa bei lakini namwambia wazi kwamba sipokei mzigo kurudi.

La kwanza, picha ya shokapu ikiwa bado kwenye gari, tairi limekatwa upande ili ionekane vizuri. Naangalia mafuta. Hapa tusitishane: unyevunyevu kidogo karibu na sili, kama ukungu, ni kawaida, rodi inatoka na utando wa mafuta kila inapopanda. Kilicho kibaya ni mafuta yaliyotiririka, vumbi likashika likawa tope jeusi kuanzia juu mpaka katikati ya bomba. Hiyo imekwisha. Naangalia na koti la vumbi kama lipo, na springi kama mzunguko wa chini ni mzima. Angalizo: mwambie aangalie pia juu ya shokapu, maana kuna wakati mafuta yanatoka sehemu nyingine kabisa, au grisi ya sivijointi imeruka, na shokapu inasingiziwa.

La pili, video ya kubonyeza. Mtu mmoja anasukuma kona ya gari chini kwa uzito wake, mara mbili tatu, halafu anaachia. Gari inatakiwa ipande na itulie. Ikiendelea kunesa, shokapu hamna kitu. Ila ujue mpaka wa kipimo hiki: kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu inaweza kufaulu. Na kuna gari ngumu kiasi kwamba huwezi kuibonyeza, hapo usilazimishe jibu.

La tatu, linki. Tairi zote mbili za mbele ziwe chini, au zote mbili zimenyanyuliwa sawa. Hili nalikazia kwa sababu fundi wengi wananyanyua upande mmoja tu, stabilaiza inajikunja, inaibana ile linki, wanaitikisa haichezi wanasema nzima. Zikiwa usawa mmoja, shika linki itikise. Ikicheza au ukisikia kitu ndani, imekwisha. Ukitaka uhakika kabisa fanya kama wa Geita: zitoe zote mbili, endesha taratibu uwanjani, mlio ukipotea umemjua mwizi. Taratibu nimesema. Gari isiyo na linki inalala sana kwenye kona, usipeleke barabarani.

La nne, boneti wazi, mtu mmoja akate stelingi kushoto na kulia gari imesimama, mwingine arekodi pale juu ya mauntini. Kwenye gari nyingi utaiona nati ya katikati. Kama inarukaruka au mauntini imeinuka upande mmoja, umepata jibu.

Bushi za wishiboni na boljointi simuachii mteja, zinataka mtaimbo na mtu anayejua. Namwambia aende kwa fundi, aniletee jibu. Boljointi iliyochoka sana inaweza kuchomoka na tairi likalala ubavuni gari ikiwa kwenye mwendo, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Namba ya chesisi, na kulia ni wapi

Umeshajua ni shokapu kweli. Bado unaweza kupata hasara kwa kutuma isiyo yake.

"IST" sio jibu. Omba picha ya kadi ya gari au ya namba ya chesisi, usome herufi na namba za kabla ya kistari. NCP60 na NCP61 ni IST ile ya kwanza. NCP65 ni ile inayovuta tairi zote nne. NCP110 na ZSP110 ni IST mpya, umbo jingine kabisa. Wote hao watakuambia "nina IST". Na gari inayovuta nne usiichukulie kwamba spea zake ni sawa na ya mbili mpaka uhakikishe.

Ukibahatika mteja ana kitu chenyewe mkononi, au ana namba ya Toyota, namba zile tano za mwanzo zinakuambia ni kitu gani. Hizi zikariri, zimeniokoa mara nyingi: 48510 shokapu ya mbele kulia, 48520 mbele kushoto, 48530 shokapu ya nyuma. 48131 springi ya mbele, 48231 springi ya nyuma. 48609 ni mauntini ya mbele. 48820 linki ya mbele. 48068 wishiboni ya kulia, 48069 ya kushoto. Tano zinazofuata baada ya hapo ndizo zinazosema ni ya gari gani. Mtu akikutumia namba inaanza na 48609 na anakuita useme bei ya shokapu, unajua mapema kwamba hamuongei kitu kimoja.

Kulia na kushoto hapa nimepigwa mara mbili. Mtu amesimama mbele ya gari, anaiangalia usoni, anakuambia "ya kushoto". Kushoto kwake ni kulia kwa gari. Mara ya pili mzigo ulienda mpaka Bukoba kwa meli ukarudi, na nauli zote mbili zangu. Siku hizi siulizi kulia wala kushoto. Nauliza: upande wa dereva au wa abiria? Kwa gari zetu stelingi iko kulia, upande wa dereva ndio kulia, kwisha.

Na shokapu uza pea. Mteja atakuambia imevuja moja tu, na ni kweli. Lakini mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili, gari inafunga breki na kukata kona kwa namna mbili. Kama hela haitoshi, bora asubiri wiki mbili anunue zote mbili. Nimeshakataa kuuza moja mara kadhaa, wengine wanaenda kwa jirani, basi. Linki unaweza kuuza moja, ingawa ya pili huwa iko njiani.

Fundi anaweza kuua shokapu yako na lawama ukapata wewe

Hapa ndipo ninapotaka muwe makini. Mteja wa Sengerema mjini alinirudishia shokapu baada ya wiki tatu, inavuja. Mpya kabisa. Nikataka kumrudishia hela kimyakimya ili asiniharibie jina. Kabla sijafanya hivyo nikavuta lile koti la vumbi juu. Kwenye rodi, ile sehemu inayong'aa, kulikuwa na meno. Alama za plaizi. Fundi alipokuwa anakaza nati ya juu rodi ilikuwa inazunguka, akaishika na plaizi ili isizunguke. Yale makovu kila yakipita kwenye sili yanailima kama jembe. Wiki tatu ni nyingi.

Nilimpigia picha nikamtumia yule mteja na fundi wake, kwa upole, bila matusi. Fundi alikubali. Tuligawana hasara watu watatu. Tangu siku hiyo kila shokapu ninayouza inaondoka na karatasi ndogo imefungwa kwa seloteipu kwenye bomba: USISHIKE RODI KWA PLAIZI. Rodi ina sehemu yake juu ya kushikia kwa spana au kwa elini, itumie hiyo.

Kitu kingine kinachoua shokapu ni kuifunga ikiwa imetoka tu kwenye boksi. Imelala siku nyingi njiani, hewa imeingia palipotakiwa kuwa na mafuta. Isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, ibonyeze na kuivuta taratibu mara nne tano mpaka uhisi ugumu ni uleule njia nzima. Usipofanya hivyo mteja anaanza na mlio siku ya kwanza na anakupigia.

Kubwa kuliko yote ni springi. Springi ikiwa kwenye shokapu imebanwa na ina nguvu ya kuvunja taya. Nati ya katikati juu ya mauntini ndiyo inayoizuia. Ukiifungua hiyo nati kabla springi haijabanwa na chombo chake, ile mauntini inaruka kama risasi. Nimeona gereji springi inafungwa kwa waya na kamba ya katani, mtu ameinamisha uso juu yake. Vile vyombo vya kubania springi vinauzwa pea, na mi ninavyo, naviazima kwa mafundi wa hapa kwa elfu tano kwa siku. Ubane pande mbili zinazotazamana, zamu kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Kama upo mbali na fundi wako hana, mwambie mteja wako atafute fundi mwingine. Kwa kweli sitaki biashara ya shokapu iishie hospitali. Na gari ikae kwenye stendi, sio juu ya jeki na tofali.

Mengine kwa haraka. Kabla ya kutoa zile bolti mbili za chini zinazoshika habu, chora alama, maana zikihama kidogo tairi linainama. Habu isining'inie kwa paipu ya breki, ifunge kwa waya. Mwisho wa springi ukae kwenye ngazi yake ya sahani, usipokaa utasikia mlio na utaambiwa umeuza feki. Wishiboni ikifungwa, bolti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza tairi linaning'inia, raba inakaa imejikunja muda wote na inachanika mapema. Ukimaliza, alaimenti. Mteja akisema hana hela ya alaimenti, mwonyeshe bei ya tairi.

Kuhusu zile za kujazwa. Kuna mafundi wanatoboa shokapu iliyokufa, wanajaza mafuta, wanachomelea, wanapiga rangi. Inaweza kuonekana ngumu siku ya kwanza. Sili ni ileile ya zamani na rodi ni ileile. Mi siuzi, na ukinunua mtumba kagua bomba kwa kidole chini ya rangi, ukikuta kipele cha welding iache hapo. Mtumba mzuri upo, nauza pia, ila naibonyeza mbele ya kamera: inatakiwa ishuke kwa ugumu ulio sawa, bila sehemu tupu katikati, na rodi isiwe na kutu wala mikwaruzo.

Na spensa za kunyanyua gari, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu ya mashimo: kabla sijampa mtu garantii nauliza kama gari imenyanyuliwa. Spensa zinaifanya shokapu ikae karibu na mwisho wa urefu wake na linki zikae kwa pembe isiyo yake. Zinachoka haraka, na mimi siwezi kulipia hilo.

Mteja wa Geita bado ananunua kwangu. Mwezi uliopita alinitumia video ya sekunde ishirini kabla hajaniambia hata shikamoo ya mdomo, stelingi inakatwa, springi inaruka. Nikamtumia mauntini mbili na beringi zake.

Huu ndio ujumbe ninaowatumia wateja wapya siku hizi, kopi ubadilishe uwezavyo:

"Karibu. Kabla sijakutajia bei naomba: picha ya namba ya chesisi, picha ya shokapu ikiwa kwenye gari, na video fupi ya kubonyeza kona ya gari na kuachia. Niambie mlio unatokea lini: mashimo madogo, breki, kona, au gari ikiwa imesimama. Ni upande wa dereva au wa abiria? Gari imenyanyuliwa? Fundi ana chombo cha kubania springi? Kama bado hujatikisa linki, anza na linki, ni bei rahisi. Garantii yangu ni miezi mitatu, haihusu rodi yenye alama za plaizi. Mzigo unaondoka Kamanga kila siku saa nne asubuhi, isipokuwa Jumapili."